Lowell Stroud na Maji ya Kondoo

Shemeji yangu Lowell Stroud akifa kwa kiu, mtamkuta amekumbatia dumu lililojaa maji, na sababu itakuwa kwamba dumu lenyewe lilikuwa la kondoo.

Huyu mtu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikimbia. Alimwoa mdogo wangu Verna akahamia nyumba aliyotuachia baba, kule mwisho wa barabara ya vumbi, mimi nikikaa ng'ambo ya barabara. Bonde letu halina bomba. Kila mwenye nyumba anafunga tangi juu ya pikapu, anakwenda kuteka kwenye koki ya mjini, anarudi kumimina kwenye tangi la nyumbani. Hiyo ndiyo kazi pekee Verna aliyomwachia Lowell. Kupika, yeye Verna. Kuziba paa, Verna. Kuua nyoka barazani, Verna. Lowell maji. Na hayo maji ilikuwa mpaka umpigie kelele.

Halafu wakaja wale wa chama cha kondoo wa mlimani.

Ni watu wastaafu, wana pikapu safi na kofia zimetariziwa kondoo dume mwenye mapembe yaliyojikunja. Mwenyekiti wao ni Burl Hatcher, alikuwa daktari wa meno, anaongea taratibu kama bado ana mkono ndani ya mdomo wako. Wanasema chemchemi za milimani zimekauka, kondoo wa porini watakwisha, kwa hiyo wao wanajitolea kujenga mabirika. Wanatandika plastiki kubwa kwenye mteremko kukinga mvua, maji yanaingia kwenye tangi lililofukiwa, kondoo anakunywa kwenye beseni la saruji. Mvua isiponyesha wanapeleka boza. Sisi wanawake wa bonde tunaona maboza hayo yakitupita.

Burl alimpa Lowell kofia. Basi, tukampoteza. Mtu ambaye kubadilisha balbu alikuwa anaumwa mgongo, leo anabeba mifuko ya saruji kupanda jabali, anaimba. Kwa nini? Kule wanampigia makofi. Verna hakuwa na muda wa kumpigia mtu makofi kwa kuleta maji ya kuoshea sahani.

Wakampa usimamizi wa birika jipya kwenye milima ya Sorrel. Ilikuwa Juni, joto limeshaanza kuchoma nyayo kupitia viatu, na majike walikuwa karibu kushuka na watoto wao. Siku ya kulijaza, boza likazama kwenye mchanga kabla ya kufika. Watu wazima wamesimama wanakuna vichwa. Lowell akasema, "Nyumbani kwangu kuna maji, nimejaza jana tu."

Ni kweli alijaza. Verna alimkalia kooni wiki nzima.

Mimi nilikuwa barazani kwangu. Nikaona pikapu zinaingia, watu wanashusha pampu, mpira unaingizwa kwenye tangi la mdogo wangu. Nikadhani wanalitengeneza, kwa vile lilikuwa linavuja chini. Mara mlango ukafunguka kwa teke. Verna, nywele zimejaa povu la sabuni, jicho moja limefumba.

"Nani amefunga maji?"

"Verna mpenzi, ni dharura," Lowell akasema. "Kesho nakurudishia."

"Dharura ya nani?"

"Kondoo wana watoto, Verna."

"Na mimi nina povu kichwani, Lowell!"

Wale wanaume wote wakageuka kutazama milima, utawaona walivyopendezwa na milima ghafla. Hakuna aliyezima pampu. Burl akavua kofia akasema, "Mama, chama kinakushukuru sana." Verna akamwambia shukrani zake azitumie kumsuuza.

Nilimsuuza mimi, kwa maji yangu.

Kesho haikuja. Siku ya kwanza Lowell alikuwa amechoka. Ya pili tairi. Ya tatu akaenda kuangalia kama beseni linajaa vizuri. Verna ana miguu inayovimba, hawezi kupanda pikapu na kushika mpira ule mzito. Nikampelekea madumu, akayaacha yamekaa jikoni.

"Kunywa, we mwanamke."

"Sitaki maji yako, dada. Nataka yangu. Nikinywa yako, yeye atajua yamepatikana, basi, ndiyo imekwisha. Nitaombaomba majirani mpaka nife."

"Basi njoo ukae kwangu."

"Niache nyumba ya baba kwa ajili ya kondoo? Thubutu." Akavaa viatu, akasema, "Washa gari. Nipeleke kwenye birika."

Akapakia kapu la nguo chafu, ndoo, na kipande cha sabuni. Nikaendesha mpaka njia ilipoishia, tukapanda kidogo, yeye akinishika bega. Nisiseme uongo, lile beseni lilikuwa zuri. Saruji imesuguliwa laini, mawe yamepangwa pembeni, kuna na kivuli. Mlangoni kwa Verna ngazi imevunjika tangu mazishi ya baba.

Kwenye nguzo kulikuwa na kamera yao, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Verna akaiona. Akaipa mgongo, akainama kuchota. Alifulia mbali, kwenye changarawe, hata tone la sabuni halikurudi kwenye beseni, maana mdogo wangu si mshenzi. Akaosha mashuka, akaosha magauni, mwisho akaingiza kichwa kwenye ndoo. Juu kwenye miamba alikuwa amesimama kondoo jike na mtoto wake mwenye baka puani, jike ananikodolea macho kana kwamba nimemruka kwenye foleni.

"Ngoja zamu yako," nikamwambia.

Verna alipomaliza akaisogelea kamera, nywele zikimchuruzika, akaitazama kama anavyomtazama Lowell.

Baada ya hapo ikaja nyama choma ya chama, uani kwa Burl. Desturi yao, birika likishapata wageni wanakusanyika kutazama picha za kwanza ndani ya gereji, zinamulikwa kwenye shuka ukutani, wanakula mbavu na kushangilia kila mnyama. Wake wanaleta viazi. Verna alileta viazi. Mimi sikualikwa, nilikwenda.

Lowell ndiye aliyesimama mbele na kijiti cha kuonyeshea, kofia imenyooka. Wakaja kware, watu makofi. Akaja mbweha, makofi. Ikaja picha nyingine: makalio ya mwanamke, gauni la maua ya bluu, kichwa kimo ndani ya ndoo.

Mtu akasahau kutafuna.

"Lowell," Burl akasema, "huyu ni nani birikani kwetu?"

Nilimwona Lowell alivyolitambua lile gauni. Amelala ubavuni mwa lile gauni miaka yote, atakosaje kulijua? Verna amesimama mlangoni, bakuli la viazi mikononi, Lowell hajamwona.

"Ni mpiga kambi tu," Lowell akasema. "Simjui. Watu wengine hawana adabu na maji ya wenzao."

Picha ikabadilika yenyewe. Uso wa Verna, mkubwa kama mlango, ukutani.

Kuna mtu alicheka, akakanyagwa mguu. Verna akaweka bakuli juu ya boneti ya gari la Burl.

"Mzee Burl," akasema, wala hakupaza sauti, "maji yale mliyatoa kwangu. Nyumbani sina hata ya kupikia. Nilikwenda kuchukua ya kwangu, na niliwabakishia kondoo."

Burl akawa mwekundu mpaka kwenye upara. "Lowell alituambia alirudisha siku ileile."

"Verna, mpenzi, wiki hii nilikuwa..." Lowell akaanza.

"Humjui mtu mwenyewe, utamwita mpenzi?" nikamwambia. "Kaa chini, shemeji."

Tukaondoka, bakuli tukaliacha pale.

Jumamosi iliyofuata wakaja wote. Hao watu ukiwaonyesha mahali pakavu wanamwaga saruji, ndipo akili yao ilipoishia. Wakafukia tangi jipya kubwa, wakatengeneza ile ngazi, boza likamimina mpaka likafurika. Lowell naye amevaa kofia, anaamrisha huku na huku. Verna akamkuta kwenye koleo.

"Wewe umekuja na nani?"

"Verna, si nimewaleta wote hawa?"

"Wamekuja wenyewe. Nguo zako ziko kwenye karavani yako, nyuma ya nyumba. Ipeleke huko unakojulikana."

Akadhani utani. Akangoja Verna acheke. Jioni Burl mwenyewe ndiye aliyeivuta ile karavani mpaka uani kwake, na nasikia mke wa Burl mpaka leo hajafurahi.

Siku za kiangazi Lowell hupita na pikapu akitoka milimani, anasimama getini, haingii. Siku moja nilikuwa pale tunamenya maharage.

"Wameshuka, Verna," akasema. "Majike na watoto."

Nikategemea atamwagiwa maganda. Mdogo wangu akaweka kisu chini, akaenda kuegemea geti, miguu yake imevimba vilevile.

"Wote wazima?"

"Mmoja anachechemea. Lakini anakunywa."

"Yule mdogo mwenye baka puani?"

"Huyohuyo."

"Verna," nikasema, "funga geti, unaingiza vumbi."

Hakufunga.