Hodi Haijibiwi Shira Ikiwa Jikoni

Siku ya kwanza kazini nilipewa mchanga. Nilikuwa nimevunja ungo juzi tu, nchi nayo imepata uhuru wake karibuni, na mama alinifikisha Chemchem, mjini Tabora, kwa mwanamke aliyeitwa na mtaa mzima Bi Mkubwa, mpika kashata za karanga. Nilidhani nitakabidhiwa sukari. Bi Mkubwa akanisukumia karai la mchanga wa mtoni.

"Upashe moto kwanza," akasema. "Karanga ikigusa chuma inaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Mchanga unaikumbatia."

Basi nikajifunza kukaanga karanga ndani ya mchanga, kuzichekecha, kuzifikicha kwa viganja hadi ngozi nyekundu itoke, kisha kuzipeta. Ikibaki chembe moja ya mchanga, mnywa kahawa atavunja jino, na jina lako litakuwa limeharibika kwenye mabaraza yote kabla ya adhuhuri. Nilikaa na lile karai muda mrefu kabla sijaruhusiwa kuisogelea shira.

Shira ni sukari iliyoyeyushwa na kuchemshwa mpaka iwe nzito na kugeuka rangi. Hutiwa maji ya ndimu kidogo isije ikarudi kuwa chenga. Wengine huijaribu kwa kudondosha tone kwenye maji baridi. Bi Mkubwa aliisikiliza. Ikiwa bado ina maji hububujika kwa kelele, na maji yakiisha sauti hushuka. Hapo, kati ya kuiva na kuungua, hapana nafasi hata ya kupiga chafya. Unamwaga karanga na iliki, unaepua, unatandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, unasawazisha kwa chupa na kukata vipande kabla havijakaza.

Kwa sababu hiyo nyumba yake ilikuwa na sheria: shira ikiwa jikoni hakuna anayesema, na hodi haijibiwi. Wageni walijua. Walikaa kibarazani wakangoja mpaka wasikie mwiko ukigongwa ukingoni mwa sufuria. Mimi nilizaliwa na mdomo usiojua likizo, na sheria ile ilinitesa kuliko moshi.

Miaka ya Ujamaa ikaja na vikundi. Sukari ikawa adimu, na ile iliyopatikana ilipitia ushirika, haikumfikia tena mpishi wa peke yake. Kule mtaa wa Ipuli, nilikokuwa nikiishi, akina mama tukaunda kikundi cha kashata. Mwenyekiti wetu alikuwa mkulima, Mkristo wa Kimoraviani, mwenye kicheko kikubwa na hofu kubwa zaidi ya Katibu Kata. Nilijiunga, maana nilikuwa na watoto. Nikamsihi Bi Mkubwa tuende sote.

"Sufuria haina mwenyekiti," akanijibu. "Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitapumzika."

Akapumzika. Chakula hakukosa, majirani wa Chemchem hawamwachi mtu. Lakini kila Ijumaa nilipokwenda kumwamkia nilimkuta amekaa tu, hajachana nywele, jiko limejaa majivu ya zamani. Ijumaa moja akaniita kwa jina la dada yake, marehemu wa siku nyingi. Nililia njia nzima. Niliona kwamba tukimwacha hivyo tutampoteza angali hai.

Masika hayo kikundi nacho kikaishiwa sukari, na tulikuwa tumeahidi kashata za harusi.

"Sisi watu wa Tabora tutakosaje utamu?" Mwenyekiti akauliza. "Asali si imejaa madebe?"

Tukashangilia, tukaipika asali vilevile kama sukari. Kashata zilitoka zinang'aa. Asubuhi tulipofungua debe zilikuwa zimegandana, ukiinua moja zote zinafuata. Asali hunywa unyevu wa hewa, na nje mvua ilikuwa haijakatika.

Mwenyekiti akacheka, kisha akakaa chini. "Nipeleke kwa bibi yako," akaniambia.

Tulimkuta amekaa vilevile. Mwenyekiti akapiga magoti, akatoa shikamoo. Bi Mkubwa akaitika, akalibonyeza kwa kidole bonge la kashata tulilombebea.

"Hii gundi mmeniletea nizibe paa?"

"Tufundishe, mama."

"Asali sijapata kuipika. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya." Akalitazama jiko lake. "Zoleni hayo majivu, tuone."

Ya kwanza tuliiunguza. Ya pili ikabaki laini. Mara ya tatu akaamuru makaa yapunguzwe na asali ichanganywe na sukari kidogo tuliyoikung'uta kutoka kwenye magunia matupu, akainamisha sikio juu ya sufuria.

"Asali inanong'ona," akasema. "Nyamazeni."

Ndipo tukasikia hodi. Ilikuwa sauti ya Katibu Kata, amekuja kukitafuta kikundi chake. Nikamtazama Mwenyekiti. Mwanamke yule alikuwa akisimama wima hata baiskeli ya Katibu Kata ikipita tu. Hodi ikaja ya pili. Jasho likamtoka, akajiziba mdomo kwa kanga, akabaki amechuchumaa palepale. Bi Mkubwa alimwona. Akarudisha sikio kwenye sufuria, akasikiliza kidogo, akamwaga karanga.

"Mwajuma," akasema, "epua."

Lilikuwa jina langu. Niliepua huku machozi yananitoka, sikuyaonea haya. Mwiko ulipogongwa Mwenyekiti akatimka nje kuomba radhi. Katibu Kata, mzaliwa wa Chemchem, alikuwa amekaa kibarazani ametulia.

"Nimesikia mwiko," akasema. "Kumbe mama amerudi kazini."

Kashata za harusi zilikaza. Tangu hapo Bi Mkubwa alikuwa mpishi wetu mkuu, na hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Mikutano ilihamia uani kwake, ikawa mifupi mno, kwa sababu mnazozijua. Alipika mpaka magoti yalipomkatalia, na hata hapo aliketi kwenye kigoda akisikiliza.

Sasa nami nimestaafu. Mabega hayautaki mwiko, na binti zangu wanapika kwa gesi huku redio inaimba. Sina ugomvi nao, kashata zao ni nzuri. Kila mara wananiambia, "Mama, umefanya kazi sana, kaa upumzike." Wananipenda, najua. Lakini mimi nimeona kupumzika kunavyomfanya mtu. Nimewaambia waniletee ungo na karanga za kuchambua kila asubuhi, na wakichelewa nawafuata jikoni.