Mwenye Misimbo Yote Mitatu

Henriikka alitunza kanzidata ya benki ya damu mjini Oulu, mwanamke wa maneno machache hata kwa Mfini. Asubuhi hiyo Veikko wa maabara alikuwa amemsimamia begani. Wodini kulikuwa na mgonjwa anayehitaji damu adimu, na mchangiaji wake lazima awe na misimbo mitatu ya aina ya damu, yote kwa pamoja.

Henriikka akaiuliza kompyuta kuhusu misimbo ile mitatu. Majina yakamwagika skrini nzima.

"Hao wana msimbo mmoja mmoja tu, dada," Veikko akasema. "Ni nusu ya mji. Aliyekosekana ni mbwa wangu tu."

Henriikka akabadilisha swali, akadai yote mitatu. Hakutoka mtu.

"Sasa umewaua wote."

"Kaka, kanywe kahawa."

Kosa aliliona mwenyewe. Kwenye kanzidata kila msimbo wa mtu ulikuwa na mstari wake, naye alikuwa anatafuta mstari mmoja wenye yote mitatu, kitu ambacho hakipo. Akaandika upya: kusanya mistari ya kila mtu, kisha mbakize mwenye misimbo yote.

Likatokea jina moja, Esko Hyvärinen, mchangiaji wa miaka mingi, mkazi wa hapa hapa Oulu.

"Haya, mpigie," Henriikka akasema, karibu atabasamu.

Veikko hakugusa simu. "Ndiye mgonjwa aliyelala wodini."

Henriikka akaliendesha swali tena, kama mtu anayefungua friji tupu mara ya pili. Akaja Esko, peke yake. Swali halikuwa na kosa tena la kurekebisha.