Mama Alipoiombea Klabu

Kwanza maji ya moto yalikatika bafuni. Kocha akasema boila imeharibika. Kisha basi la timu likaacha kuja, tukawa tunasafiri kwa magari yetu wenyewe. Mishahara ilipochelewa mwezi wa pili mfululizo, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa wa raga, ile ya wachezaji kumi na watatu, katika mji mdogo wa kaskazini ambako watu wanaipenda kuliko soka. Nyumbani kwetu kulikuwa Birmingham, mtaa wa Kingstanding, nilikoishi na Mama. Tulitoka Kongo nikiwa mdogo. Nilikuwa nikienda na kurudi kwa gari, na siku nyingine nalala kwa nahodha wetu.

Mwenyekiti alituita kwenye ukumbi wa mashabiki akatuambia klabu imefilisika. Asipopatikana mnunuzi, itafungwa. Nahodha, mtu ambaye sikumsikia akilalamika hata siku aliyovunjika pua, alijifunika uso kwa taulo. Baba yake na babu yake waliichezea klabu hiyo.

Nilimkuta Mama akisonga bugali, nikamweleza.

"Donc, kazi yako itaisha?" aliuliza, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Labda, Mama."

"Basi tutaomba."

Aliomba kweli. Akina mama wa kanisa letu, ambao hata mmoja wao hakujua raga inachezwaje, walifunga wakaiombea klabu kwa jina, kila mmoja akilitamka kivyake. Mchungaji aliuliza kama inafaa kuombea mchezo. Mama akamjibu, "Mchungaji, ile ni watu. Wana watoto."

Mnunuzi akapatikana, mfanyabiashara wa mji uleule aliyekuwa akija uwanjani tangu utotoni. Lakini alitaka gharama zipungue. Kocha aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Wewe ni mmoja wa wale tusioweza kubaki nao," alisema, akiangalia meza.

Nilimpa mkono, maana sikujua la kufanya. Nje mashabiki walikuwa wakipiga honi. Mzee mmoja alinikumbatia huku akilia. "Tumeokoka!" akasema. Nami nikamwambia ndiyo, tumeokoka. Sikuwa nikidanganya. Niliifurahia klabu kwa moyo wote, na papo hapo nilitamani kukaa chini pale penye lami.

Jumapili nilifika kanisani nimechelewa, nikamkuta Mama amesimama mbele akitoa ushuhuda. Habari za mnunuzi alizipata kwenye simu. Zangu nilikuwa bado sijamwambia. "Ekipe ya mtoto wangu imepona!" akasema, yaani timu yangu. Vigelegele vikajaa ukumbini. Niliitwa mbele, nikashukuru kwa maombi yao, nikarudi kukaa. Nilimwambia tukiwa garini.



"Niliomba ekipe ipone," akasema. "Wewe, papa," akaniita kama akina mama wa Kongo wanavyowaita watoto wao wa kiume, "nilisahau kukutaja."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Una hasira na Mungu?"

"Sijui, Mama. Nahodha amebaki. Ana watoto watatu."

"Sikuulizia nahodha."

Nilipata kazi kwenye ukumbi wa mazoezi karibu na Selly Oak, nikifundisha wanafunzi wa chuo kunyanyua vyuma bila kujiumiza. Wikendi nilizima simu nisione matokeo. Nilikuwa nikijiuliza kama kitu kinaweza kuokolewa chote, au daima kuna wanaoachwa nje ili wengine wapone. Mpaka leo sina hakika.

Majira ya kuchipua nahodha alituma tiketi mbili. Miaka yote ile Mama alikataa kuja kutazama mechi, akiogopa kuniona nikiangushwa. Safari hii alivaa koti lake zuri la kanisani. "Si hauko uwanjani?" alisema. "Naogopa nini?"

Dakika za mwanzo alifumba macho kila watu walipogongana. Kufikia mapumziko alikuwa amesimama, akimpigia nahodha kelele, "Kimbia, papa! Kimbia!"

Bwana wa nyuma yetu aliniuliza anasema nini. Nikamtafsiria. Naye akainuka, akajaribu kusema "kimbia" kwa lafudhi yake, na Mama akageuka kumsahihisha.