Fundi cherehani aliyempa tapeli majina ya wapendwa wake

Jua halijapanda vizuri na cherehani inasema. Tra-tra-tra, inanyamaza. Tra-tra, inanyamaza tena. Mwenye cherehani ameinua mguu kwenye pedeli na kutega sikio, maana nje kuna mkokoteni umesimama.

Mtu anakohoa. Mtu anashusha kitu. Mama Futi hapumui.

"Maji! Maji!" anaita yule mtu wa nje, naye fundi anashusha pumzi. Ni muuza maji tu, anayepita hapa kila siku ya Mungu. Mguu unarudi kwenye pedeli, lakini mshono umekwenda upande, na inabidi kola ifumuliwe.

"Siku hizi nafumua kuliko ninavyoshona," anasema, akitafuta wembe chini ya vitambaa. "Uoga ni fundi mbaya sana. Unashona nao, halafu unafumua peke yako."

Wanamwita Mama Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Anapika nayo, anakwenda nayo sokoni, na mumewe anasema siku moja atazikwa nayo. Chumba chake cha kazi kina mlango mmoja, dirisha moja, meza ya kukatia yenye mguu uliofungwa kamba, na cherehani ya kukanyaga aliyoinunua ikiwa imeshachoka. Shule zikikaribia kufunguliwa hushona sare tatu kwa siku. Msimu ukipita, wiki nzima inaweza kumletea zipu mbili na pindo moja la suruali, basi.

Mlango wa chumba hicho ulikuwa wa bluu. Sasa ni wa kijivu. Aliupaka mwenyewe, haraka haraka, na ukiangalia karibu na bawaba utaiona bluu inachungulia. Wateja wanapotea, wanapiga simu kuuliza amehamia wapi. Yeye anaona heri wapotee wateja kumi kuliko afike mtu mmoja.

Wahenga walitega vitendawili vya nyumba isiyo na mlango. Leo kuna kingine: mgeni wangu hana miguu, kaniingilia nikiwa nimefunga komeo. Jibu lake liko kwenye kila kiganja. Ni ujumbe wa simu.

Huyo wa Mama Futi aliingia asubuhi moja yenye kazi nyingi. "HONGERA! Namba yako imeshinda cherehani mpya ya umeme. Mhudumu wetu atakupigia." Kabla hajamaliza kuusoma mara ya pili, simu ikalia.

Wakati huo bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni limemzunguka kama chandarua, na fundi amepiga magoti chini akilipanga pindo. Midomoni mwa fundi kulikuwa na pini. Ndivyo mafundi wanavyofanya kazi: mikono miwili haitoshi, mdomo unakuwa mkono wa tatu.

"Nipokelee, mwanangu, weka sauti ya nje," alijaribu kusema kwa meno. Bibi harusi akapokea.

Sauti ilikuwa ya kijana mpole, mwenye adabu zake. Mama, shikamoo. Mama, hongera. Mama, tumeona wewe ni mtu wa kazi. Je, uko tayari kupokea zawadi yako?

"Mmh," alisema fundi.

Je, unakubali kulipa ada ndogo ya usajili?

"Mmh."

Tulete wapi?

Hapo alitoa pini mbili, akaeleza: mlango wa bluu, ng'ambo ya mashine ya kusaga, uliza kwa Mama Futi. Akazirudisha pini mdomoni.

"Ukiwa na pini huwezi kumuuliza mtu maswali," anasema sasa. "Unaweza kukubali tu. Yeye anauliza, mimi mmh. Anauliza, mimi mmh. Nimeuza mtaa mzima kwa mmh."

Ada ilikuwa sawa na mshono wa sare mbili. Aliituma. Lakini si hiyo inayomkosesha usingizi.

Kijana mpole alikuwa na ombi moja la mwisho. Kampuni ilitaka na wateja wa fundi wafurahi. Mama achague watu kumi anaowapenda na kuwaamini, atume majina na namba zao, nao watapata zawadi.

Mama Futi alikuwa na pindo halijafika hata nusu. Akamwelekeza bibi harusi kwa kidole: huyu, na huyu, na huyu. Bibi harusi akabonyeza, majina yakaenda kama yalivyokuwa kwenye simu.

Sasa msomaji ajue jinsi majina yanavyokaa kwenye simu ya fundi huyu. Daftari la vipimo lililiwa na panya zamani, na tangu hapo kipimo cha mteja hukiandika palepale kwenye jina lake, ili akipiga tu, fundi aone mwili wake. Muuza mkaa anaitwa Mama Mkaa Nyonga 48. Msusi ni Dada Msusi Bega Limeshuka. Karani wa soko, mtu mzito mwenye tai, ni Karani Tumbo Linakuja.

Mumewe ni mlinzi, hulala mchana. Alipoamka na kusikia habari, alikaa kitandani akikuna kichwa.

"Cherehani ya bure?" aliuliza. "Mke wangu, hata pini ya bure huipati bila kuinama."

"Wivu," alimjibu mkewe. "Na nikianza kushona kwa umeme usiniombe nikushonee koti."

Walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa wawili hao kucheka vizuri humo ndani.

Siku iliyofuata, Mama Mkaa aliingia bila hodi, simu kaishika mbele kama sahani ya moto, na nyuma yake dada msusi, bega limeshuka zaidi kwa hasira.

"Fundi, nisomee hii kwa sauti," alisema Mama Mkaa. "Mimi macho yangu yanaona aibu."

Fundi akasoma. "Hongera Mama Mkaa Nyonga 48! Fundi wako amekuchagua. Umeshinda fedha taslimu. Tuma ada ili..."

"Arobaini na nane!" alifoka Mama Mkaa. "Hata kampuni ya simu inazijua nyonga zangu?"

"Wewe una nafuu," alisema msusi. "Mimi nimepongezwa kwa bega. Umeuza miili yetu, shoga?"

"Mmetuma hela?" aliuliza fundi.

"Nitume kwa nani?" alisema Mama Mkaa. "Hongera gani inayoanza na nyonga? Nilijua hapa pana mkono wa fundi na mkono wa mwizi. Nikasema mwizi nitamkosa, ngoja nimshike fundi."

Hapo ndipo wale wanawake walipoanza kucheka. Msusi alilazimika kushika meza. Karani naye, walisema, alikuwa anaonyesha ujumbe wake soko zima, anauliza nani kamtukana tumbo. Kila aliyepata hongera alipata na kipimo chake, na kila aliyeona kipimo chake alijua kuna jambo.

Mama Futi hakucheka. Alikuwa anayapitia majina kumi kichwani, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto. Huyu ana kifua. Huyu ana kiuno. Huyu ana mgongo mfupi. Akafika kwa wa mwisho, akainyakua simu.

Wa mwisho ni Bibi wa Kona.

Bibi wa Kona si ndugu yake wa damu. Ni mzee anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho kabla barabara haijapinda, na ndiye mtu wa kwanza kabisa kumpa Mama Futi kitambaa akate, wakati hata mshono wa moja kwa moja ulimshinda. Gauni lile lilitoka na mkono mmoja mrefu. Bibi alilivaa hivyo hivyo, akasema mkono mrefu ni wa kusalimia, mfupi ni wa kupokea.

Vipimo vya Bibi fundi hakuviandika popote. Angeviandika vya nini? Alivijua kwa moyo. Kwenye simu mzee huyo alikuwa Bibi wa Kona tu.

Kwa hiyo ujumbe wake ulikuwa safi. Hongera Bibi wa Kona. Fundi wako amekuchagua.

"Nilipiga simu yake," anasimulia. "Nikaambiwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Bibi yule hapendi simu, anaongea maneno matatu anakata. Sasa anaongea na nani muda wote huo?"

Alikimbia na futi shingoni na chaki mkononi. Watu walimpisha njia wakidhani kuna msiba. Kwa Bibi mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na jirani akasema mzee ametoka kaenda kwa wakala wa fedha, kafurahi, kavaa gauni lake zuri.

Bibi alikuwa na akiba. Macho yake yameingia ukungu, la kushoto limeziba kabisa, na akiba hiyo, iliyokusanywa kidogo kidogo kwa kuuza mayai, ilikuwa ya kwenda kuyafanyia upasuaji. Siku alishapangiwa. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu alikuwa akimwambia kila mtu: "Subirini niwaone, nijue nani kazeeka."

Kibanda cha wakala kina dirisha dogo lenye nondo. Bibi alikuwa amesimama hapo, simu sikioni, vidole vyake vikifungua fundo la pesa kwenye pindo la kanga.

"Ndiyo, mwanangu," alikuwa anasema kwenye simu. "Ile ya kwanza umeipata. Ngoja basi, nampa na hii ya pili."

Mama Futi alimshika mkono. Mzee alishtuka, akampapasa, akaikuta futi shingoni, akatabasamu.

"Ni wewe! Nimepata zawadi uliyonichagulia, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Fundi alichukua simu ile, akaiweka sikioni mwake. Upande wa pili maneno ya Bibi yalikuwa yamesikika yote, na ile sauti ya adabu ikasema taratibu:

"Aah. Mama Futi. Mlango wa bluu."

Simu ikakatwa.

Fundo la pili lilibaki kwenye kanga. La kwanza lilikuwa limekwenda. Wakala alijaribu kulirudisha, akapiga huku na huku, akaambiwa fedha zilishatolewa. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Nilimuuliza," alisema, akiongea na fundi kupitia nondo. "Nilimwambia, Bibi, unamjua unayemtumia? Akaniambia namjua, ni mtu wa fundi wangu."

Maneno hayo Mama Futi anayarudia kwa sauti ya chini, akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Mtu wa fundi wangu.

Walikwenda polisi kuandikisha maelezo, wakapewa karatasi, wakaambiwa wasubiri. Siku ya macho ya Bibi ikapita. Na simu ya Mama Futi haijatulia tangu hapo. Kuna namba inapiga, akipokea hakuna neno, kuna pumzi tu. Kuna ujumbe ulioandikwa "tutakuja kukupima". Kubadilisha namba anaogopa, wateja wote watapotea. Kuiacha anaogopa vilevile. Mumewe sasa halali mchana, anakaa kwenye mkeka karibu na mlango na rungu la kazini, anasinzia kidevu kikiwa kifuani.

"Mlinzi analindwa na usingizi," anamtania mkewe, lakini hamwambii aliondoe rungu.

Wateja wamerudi, na wamekuja na sheria yao. Mama Mkaa ndiye aliyeitunga: ujumbe wowote wa fundi uanze na kipimo, na usio na kipimo ni wa mwizi. "Ukiniandikia bila nyonga zangu," alisema, "sikujibu hata kama gauni linaungua." Hata karani amekubali, kwa sharti tumbo liandikwe kwa namba.

Amebaki mmoja asiye na kipimo. Leo ndiyo amekuja, kwa fimbo yake, akigonga ukuta hadi akaupata mlango uliobadilika rangi ambao yeye haoni umebadilika. Fundi anatoa futi shingoni na kuizungusha kiunoni kwa mzee.

"Kitendawili," anasema Bibi.

"Tega."

"Nyoka wangu hana meno, akimzunguka mtu anaondoka anamjua."

"Futi hiyo, Bibi."

"Umepata. Wewe hukosi. Ungekosa, ningekudai mji hapa."

Lakini fundi hajaridhika na kipimo. Anaivuta futi, anaisoma, anaizungusha tena. Vile vipimo alivyovijua kwa moyo ni vya mwanamke mwingine, mnene zaidi, aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji bila kupumzika. Huyu aliye mbele yake amepungua inchi sita, na mabega yamekuwa ya mtoto.

"Mbona umenyamaza?" anauliza Bibi. "Nimenenepa?"

"Kidogo, Bibi."

"Muongo." Mzee anacheka peke yake. "Na acha kulia juu ya kitambaa changu. Yule hakuniibia kwa jina lake, maana jina lake halina mtu wa kuliamini. Ameniibia kwa lako. Lilinde hilo ulilobaki nalo."

Mpango wao ni huu. Hospitali imempangia Bibi siku nyingine, mbali kidogo. Fedha za kazi zote za viraka, zipu na mapindo za Mama Futi zinakwenda kwa wakala, kwenye akaunti ya macho, na wakala ameapa hatatoa hata senti bila kuwaona wote wawili dirishani. Gauni linalopimwa leo ni la siku ile bandeji itakapofunguliwa. Bibi ameomba liwe jekundu, jekundu la kupiga kelele, ili lisimpite.

Fundi ameshaanza kupanga pindo, pini midomoni, simu inapotetemeka juu ya meza ya kukatia. Namba haina jina. Kwenye mkeka, mume anafumbua macho na kushika rungu.

"Pokea, mwanangu," anasema Bibi wa Kona. "Huenda ni mteja. Ila toa kwanza hizo pini mdomoni."

Mama Futi anazitoa moja moja, anazichomeka kwenye mto wake, mpaka ya mwisho. Anaramba midomo. Kisha anainyanyua simu.

"Nani mwenzangu?" anauliza, kwa mdomo mtupu. "Nami nikuulize kwanza: kiuno chako ni ngapi?"