Upepo wa Genge la Kakesio

Siku yangu ya kwanza kazini pale Karatu, Rubani Mkuu alinikagua kuanzia kofia hadi viatu akauliza, "Dada, wewe ndiye rubani mpya au umeleta chai?" Nikamjibu kwamba chai ataniandalia yeye nikishatua. Hatukupendana, lakini kazi aliijua.

Yeye ndiye aliyenifundisha upepo wa milimani. Upepo ukigonga mlima hupanda, na upande huo helikopta hubebwa bila jasho. Ukishavuka kilele huporomoka upande wa pili, na huko unaweza kuvuta nguvu yote ya injini na bado ukazidi kushuka. Vijana, hapo ubingwa hausaidii.

Mchana mmoja niliitwa Kakesio kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Boma lao lilikuwa chini ya genge. Wafugaji wa kule walizoea kutuwashia majani mabichi ili moshi utuonyeshe upepo, na siku hiyo waliyawasha juu ya genge tuuone kwa mbali. Nilipokaribia, niliona moshi ukifika ukingoni, ukainama, ukateremka na ukuta wa mwamba hadi kwenye zizi la ndama. Nikageuza.

Nilipotoa taarifa redioni, Rubani Mkuu akanifokea kutoka Karatu. "Tua bomani! Mgonjwa anakufa!"

"Mkuu, bomani sitatui. Natua juu, wampandishe."

"Hiyo ni amri!"

"Nimeisikia."

Nikatua juu. Mume wa yule mama alipanda mbio, fimbo mkononi. "Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai, "umeogopa! Mke wangu yuko chini, wewe umekaa huku!"

"Ndiyo, nimeogopa. Nikianguka pale namuua yeye na mtoto. Mleteni."

Walimpandisha kwa blanketi, kwa njia ya mbuzi. Nilisikia vilio vyake muda wote huo, na moyo uliniuma vibaya sana. Alijifungua hospitalini Karatu, wote wawili wazima.

Rubani Mkuu akanisimamisha kazi hata hivyo. "Na angefia njiani, ungesema nini?"

"Ningesema upepo ulikuwa unashuka."

Nilirudishwa baadaye, nikaruka hadi kustaafu. Sasa nalima maharage Endamarariek, na marubani wapya wakija kunisalimu huniuliza swali lile lile la mkuu wangu. Wanatarajia uzee umenilainisha. Nawaambia hata angefia njiani, ningetua pale pale juu, kisha ningekwenda msibani nikakae mbele ya mume wake.