Mhabeshi Wetu Hakuchagua Chakula

Miguu ya nyuma ndiyo iliyoanza kumwangusha, asubuhi ya Idi, hina ikiwa bado mbichi kwenye kwato zake. Jasho lilimtoka kana kwamba amemwagiwa ndoo. Baba, saisi aliyekuwa akimtunza, alimpakata kichwa akawa anamwita polepole. Watoto waliokuja kupanda farasi hawajamaliza hata peremende zao, na jike wetu wa Kihabeshi alikuwa amekufa.

Nilidhani haya nimeyazika. Lakini juzi nilikwenda kupika kwenye harusi ya jirani, nao walikuwa wamekodi farasi mweupe wa bwana harusi. Farasi akaingiza pua kwenye gunia la chakula cha kuku. Kijana anayemtunza akanipigia kelele, "Nyabo, mtoe hapo! Hicho kina dawa ya kuku, inasimamisha moyo wa farasi!" Mwiko ukaniponyoka mkononi.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu.

Zizi lilikuwa la tajiri mmoja, kule bondeni Namuwongo, karibu na reli. Sisi tuliishi chumba cha pembeni: mimi, baba, na bibi yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita haboba. Shule sikuisoma sana, niliwasoma farasi. Wa Kiingereza alikuwa wa mbio, miguu mirefu, ngozi nyembamba mpaka mishipa unaiona, na kavera ya sukari, ule mfuko wa plastiki, ikipeperuka tu, karuka. Mwarabu alikuwa na uso uliobonyea katikati na mkia juu juu. Huyo alikula kidogo, akaenda mbali. Mhabeshi wetu alikuwa mfupi, kifua kipana, kwato ngumu zisizotaka chuma. Kazi yake kuvuta mkokoteni wa nyasi na, siku ya Idi, kubeba watoto. Baba alikuwa akisema, "Mwingereza hukimbia, Mwarabu hufika, Mhabeshi hukurudisha nyumbani."

Haboba hakumkubali hata mmoja. "Hawa ni mbuzi," alisema. "Farasi ni wa Dongola, kwa babu zetu. Soksi nyeupe mpaka magotini, uso mrefu kama imamu mwenye njaa!" Lakini mikate yake ya gurusa iliyobaki alimpelekea nani? Huyo huyo mbuzi Mhabeshi. Naye alikula kila kitu: pumba, maganda ya matoke, mara moja hata ukingo wa mkeka wa haboba.

Namshukuru Mungu kwa mnyama yule. Siku risasi zilipolia mjini, wa Kiingereza aliruka ukuta, akapatikana siku ya tatu. Mhabeshi alituvuta mimi na haboba juu ya mkokoteni wa nyasi, taratibu, katikati ya watu waliokuwa wakikimbia, mpaka mlangoni. Watoto wangu wamezaliwa kwa sababu ya mgongo ule.

Basi, jioni ya kuamkia Idi, baba alikwenda msikitini kungojea habari za mwezi. Pumba zilikuwa zimekwisha. Meneja wa zizi akaleta gunia kutoka Nateete. Kusoma sikujua, lakini jogoo aliyechorwa pale nilimjua. Nikamwuliza kama hicho si chakula cha kuku.

"Ng'ombe anakula, kuku anakula," akacheka. "Kwani farasi wenu ni mfalme?"

Akawamiminia kwenye ndoo. Mwarabu alinusa, akageuka. Wa Kiingereza aliipiga ndoo teke. Mhabeshi alilamba mpaka chini. Alfajiri haboba, kama desturi yake kila Idi, akampaka hina kwato na kumfukizia udi.

Daktari wa mifugo alipouliza farasi kala nini, Meneja alijibu, "Pumba tu." Gunia alikwisha kulichoma nyuma ya choo. Akamwambia tajiri, "Ni hina na moshi wa hawa Wanubi. Wamemroga." Nikamtaja jogoo, nikapigwa kofi. Jioni hiyo tulitoka na sufuria zetu kichwani.

Leo pale wanaosha magari. Kunukia kwa nyasi mbichi kumekwisha, na mtaani hakuna tena mtoto anayeijua tofauti ya Mwarabu na Mhabeshi. Mimi naijua, na nashukuru nilipewa utoto ule. Lakini haboba hakupaka tena hina mkono wa mtu, hata wangu siku ya ndoa yangu. Alikufa akiamini kuwa yeye ndiye aliyemwua.

Meneja, uko hai, kule Lubaga, na wajukuu wako wanakuita mzee wa heshima. Baba naye yu hai. Macho yamekwisha, masikio yanasikia, na bado kuna watu wanaomwita mchawi. Njoo ukae mbele yake, umwambie kwa mdomo wako ulimlisha nini farasi wake. Kisha unijibu mimi: haboba wangu utamwomba msamaha wapi?