Anayetoa Maji Huonja Kwanza

Kamio, lori la kubebea pamba, lilipinduka juu ya chemchemi yetu, karibu na Kabambare, na pipa lake la mazuti, mafuta ya injini, likamwagikia majini. Tangu hapo tunachota mtoni, mwendo wa saa nzima. Juma hili nilimsindikiza mama mkubwa kwa karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, kuomba wafanyakazi wa kuisafisha chemchemi. Tulibeba kibuyu cha maji yake.

Karani hakuinua macho. "Maji iko muzuri. Mafuta inakaa juu tu. Mwende mukanywe."

Mama mkubwa akapiga magoti, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Aksanti, baba. Basi onja."

"Miye? Sababu gani?"

"Kwetu mwenye kupa mugeni maji anaonja mbele, mugeni ajue hakuna sumu. Haya maji, sasa ni weye unatupa."

Karani ni mtoto wa hapa hapa. Angekataaje mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu? Alifumba macho, akameza funda moja, akakimbilia dirishani.

"Pole, baba," mama mkubwa akasema kwa adabu.

Kabla ya jua kuzama, wafanyakazi wanane walikuwa chemchemini na majembe.

Juma lijalo mwangalizi wa kilimo cha pamba anakuja kutueleza kwamba kulima pamba ni kazi nyepesi. Mama mkubwa ameshamtengea shamba na jembe.